Tarehe ya Sindano Isipite: Maelezo kuhusu Maradhi ya Valvu za Moyo

Maelezo yaliyotolewa na mtabibu wa maradhi ya moyo mbele ya wananchi wa Chwaka. Yanachapishwa kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti uliofanywa kuhusu kutambua na kutibu maradhi ya valvu za moyo. Nitalitaja mapema lile ambalo ningependa kila mmoja wetu aondoke nalo. Maradhi haya, ambayo wengi wetu tunayajua kwa sababu ya upasuaji mkubwa na safari za mbali, kwa watoto wetu mara nyingi huanza na maumivu ya koo. Baina ya koo na upasuaji ipo miaka ambayo mtoto anaweza kulindwa kwa sindano moja kila baada ya wiki 4. Lakini sindano hiyo humlinda yule tu ambaye tarehe zake hazirukwi.

Moyo una valvu 4, yaani milango midogo inayofunguka na kufunga kwa kila pigo. Kila mvuvi wa hapa anaujua mdomo wa dema: samaki huingia kwa wepesi, lakini kurudi hawezi. Valvu huifanyia damu jambo kama hilo. Huiruhusu kupita upande mmoja na kuizuia isirudi ilikotoka. Valvu ikiharibika hupatwa na moja ya mambo mawili, au yote mawili kwa pamoja. Huweza kukakamaa na kuwa nyembamba, damu ikashindwa kupita. Au huweza kushindwa kufunga, damu ikarudi nyuma. Kwa vyovyote moyo hulazimika kufanya kazi zaidi ya kawaida yake, hutanuka, na mwisho huchoka.

Yapo mambo kadhaa yanayoharibu valvu, ukiwamo uzee na kasoro za kuzaliwa. Lakini katika Afrika Mashariki, kwa watoto na vijana, sababu kubwa ni homa ya baridi yabisi. Mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, hupata maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria waitwao streptokoki. Koo hupona. Baada ya wiki 2 au 3 kinga ya mwili wake, iliyokuwa ikipigana na bakteria, huwageukia viungo na moyo wake mwenyewe. Hapo huja homa, na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Baadhi ya watoto mikono na uso huchezacheza bila hiari yao, wakadhaniwa wanafanya utundu au wamepatwa na mambo mengine. Viungo navyo hupona vyenyewe. Valvu ndiyo inayobaki na jeraha, na kila homa ikirudi jeraha huongezeka.

Ndiyo maana wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kati ya mwaka 2010 na 2012 watafiti waliwaandikisha wagonjwa 3,343 wa maradhi haya katika nchi 14, zikiwamo Kenya na Uganda. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Walipofuatiliwa kwa miaka 2, karibu mgonjwa mmoja katika kila 6 alikuwa amefariki dunia. Tuutafakari umri huo. Hawa si wazee waliomaliza kazi zao. Ni watu walio katika kuvua, kulima mwani, kusomesha na kulea watoto wachanga.

Sasa nije katika kutambua. Tangu tabibu wa Kifaransa René Laennec alipobuni chombo cha kusikiliza kifua mwaka 1816, matabibu wameitambua valvu iliyoharibika kwa kusikiliza mvumo wa damu. Chombo hicho, stetoskopu, kingali na thamani kubwa, lakini hakisikii kila kitu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watoto 2,170 wa skuli nchini Msumbiji walichunguzwa kwa njia mbili. Kwa uchunguzi wa kawaida wa tabibu na stetoskopu yake walithibitishwa watoto 5 wenye maradhi haya. Kwa ultrasaundi ya moyo, kipimo ambacho hospitalini huitwa eko, walipatikana watoto 66. Wale wengine wote walikuwa wakicheza na kusoma kama wenzao, na hakuna mzazi aliyekuwa na sababu ya kuwapeleka hospitali. Eko haina sindano wala maumivu. Ni kifaa kinachopitishwa juu ya kifua, na picha ya valvu ikifunguka na kufunga ikaonekana kwenye kioo.

Matokeo hayo yalileta swali gumu. Je, kumjua mtoto huyo mapema kunamsaidia, au kunampa wazazi wake hofu tu? Jibu lilitoka kwa jirani zetu wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dkt. Andrea Beaton wa Marekani, Dkt. Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao waliwapima kwa eko watoto na vijana 102,200 wa umri wa miaka 5 hadi 17. Baada ya vipimo vya kuhakikisha, 926 walithibitishwa kuwa na dalili za mwanzo na kustahili kuingia katika utafiti. Matokeo yaliyochapishwa yanawahusu 818, waliogawanywa kwa kura katika makundi mawili yaliyo sawa. Kundi moja lilipigwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4. Kundi la pili lilifuatiliwa bila sindano. Baada ya miaka 2 wote walipimwa tena. Katika kundi lisilopata sindano, valvu za watoto 33 zilikuwa zimezidi kuharibika. Katika kundi la sindano, ni watoto 3.

Tusiyasome matokeo haya zaidi ya yanavyosema. Hata katika kundi lisilopata sindano, watoto wengi hawakuzidiwa. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kwamba eko imeonesha dalili ndogo, asidhani mwanawe amehukumiwa. Pia miaka 2 ni muda mfupi katika maisha ya moyo. Lakini tofauti baina ya 33 na 3 ni kubwa, na sindano yenyewe ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, inayoweza kutolewa na muuguzi katika kituo cha afya. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu homa ya baridi yabisi na maradhi haya ya moyo, na penisilini imebaki kuwa nguzo ya kinga.

Wapo wanaoiogopa sindano hii, na hofu yao isidharauliwe. Inauma, na mara chache sana huweza kuleta mzio mkali. Huko Gulu tukio la mzio wa aina hiyo lilikuwa moja tu, tena si kali sana, katika maelfu ya sindano zilizotolewa. Kwa mgonjwa ambaye valvu zake zimekwisha haribika vibaya, daktari anaweza kuamua kumpa vidonge badala yake. Uamuzi huo ni wa daktari. Mzazi asiufanye peke yake kwa kuacha kwenda kituoni.

Na ikiwa ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa? Matibabu yapo. Valvu iliyobana inaweza kupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa katika mshipa wa damu hadi kwenye moyo, pasipo kupasua kifua. Nyengine hutengenezwa au hubadilishwa kwa upasuaji. Zamani wagonjwa wetu walitegemea sana safari za India. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayofanya upasuaji huo hapa hapa Tanzania. Ni hatua ya kushukuru. Hata hivyo, upasuaji hauufungi ugonjwa. Aliyewekewa valvu ya chuma hulazimika kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Ikipungua, damu huganda kwenye valvu au humletea kiharusi. Ikizidi, humvujisha damu. Kwa hiyo damu yake hupimwa mara kwa mara ili kipimo cha dawa kirekebishwe.

Wagonjwa wengi wameuliza kama hakuna dawa mpya isiyohitaji kupimwa damu kila mara. Swali hilo lilichunguzwa kwa wagonjwa wapatao 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wagonjwa hao walikuwa na maradhi ya baridi yabisi ya moyo pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Wengi walitarajia dawa mpya iwe sawa na ya zamani au iishinde. Ikawa kinyume: waliotumia dawa za zamani, warfarini na jamii yake, walipata kiharusi na vifo vichache zaidi. Kwa wenye valvu ya chuma pia, warfarini ndiyo dawa yao. Kwa hiyo asitokee mtu akaibadilisha kwa sababu ya tangazo au ushauri wa jirani. Mchicha, kisamvu na matembele si haramu kwa mgonjwa huyo. Ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Dawa za maumivu na za mitishamba asizitumie kabla ya kumwambia tabibu.

Nina neno mahsusi kwa mama zetu na mabinti zetu. Wakati wa ujauzito damu mwilini huongezeka karibu kwa nusu, na valvu iliyobana ambayo haikumsumbua mwanamke kwa miaka mingi huweza kujidhihirisha hapo. Mjamzito anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, anayeamka usiku akitafuta hewa, au anayekohoa damu, asiambiwe kwamba ni uchovu wa mimba tu. Apelekwe hospitali siku hiyo. Na mwanamke anayetumia warfarini amwone daktari kabla ya kubeba mimba. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama. Mumewe naye aende, ayasikie mwenyewe.

Sasa tufanye nini katika wadi yetu? Naomba mambo manne.

La kwanza ni la wazazi. Mtoto mwenye homa na koo linalouma, hasa ikiwa hana mafua wala kikohozi, apelekwe kituo cha afya. Penisilini ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, homa ya baridi yabisi huzuilika. Maji ya chumvi hupunguza maumivu, lakini hayawaui bakteria.

La pili ni la walimu wa skuli na madrasa, ambao huwaona watoto kila siku. Mtoto anayebaki nyuma wenzake wakikimbia, anayelalamikia viungo vinavyohama, au ambaye mwandiko wake umeharibika ghafla kwa mikono kutotulia, mzazi wake aitwe na aambiwe.

La tatu ni la familia zenye mtoto aliyekwisha anzishiwa sindano. Tarehe yake iandikwe mahali ambapo nyumba nzima inaiona. Mtoto akienda kukaa kwa jamaa mjini au Pemba wakati wa likizo, kadi yake iende naye. Ramadhani isiwe sababu ya kukatiza. Wanazuoni wengi wamesema kwamba sindano ya dawa, isiyokuwa ya lishe, haivunji saumu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake mapema, kabla ya tarehe kufika. Muda wa sindano ni miaka, si miezi, na daktari ndiye atakayesema basi.

La nne ni la viongozi wetu. Mzazi anaweza kutimiza wajibu wake wote, akafunga kazi yake ya siku, akamchukua mwanawe hadi kituoni, akaambiwa dawa imekwisha. Akiambiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hatokwenda, wala hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo penisilini ya sindano ihesabiwe miongoni mwa dawa ambazo hazipaswi kukosekana, na kila kituo kiwe na daftari la watoto wanaoihitaji, ili asiyefika aulizwe kwao kupitia kwa sheha. Bajeti inapojadiliwa, chupa za dawa hii na nauli ya muuguzi kumfuata mtoto zisionekane ni vitu vidogo. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni upasuaji, warfarini ya maisha na safari za kupima damu zisizokwisha.

Utafiti umekwisha tuonesha kwamba mtoto anaweza kujulikana kabla hajaumwa, na kwamba dawa ya zamani inaweza kumlinda. Kilichobaki hakifanyiki katika maabara. Kinafanyika nyumbani, skulini na katika kituo cha afya, kila baada ya wiki 4.

Maswali niko tayari kuyajibu, na aliye na mtoto mwenye dalili nilizozitaja asisubiri mkutano mwengine.