Mzazi Asife kwa Kuchelewa



Nimepewa nafasi ya kunena nanyi juu ya jambo ambalo kwa desturi husemwa kwa sauti ya chini, yaani vifo vya akina mama katika uja uzito na uzazi. Wazee walinena kwamba mzazi ana mguu mmoja duniani na mmoja kaburini. Walinena kweli kwa siku zao. Lakini sisi tumeligeuza neno hilo kuwa udhuru, kana kwamba kifo hicho hakizuiliki.

Katika mwaka 2023 walikufa duniani akina mama wapatao 260,000 kwa sababu hiyo, na walio wengi wao walikuwa wa Afrika, kusini ya Sahara. Hapa Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha vifo 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Basi, vifo vilivyoweza kupungua hivyo havikuwa majaaliwa.

Yafaa tuvijue visababishi vyake. Cha kwanza ni damu kutoka nyingi baada ya kuzaa, nayo humwua hata mwanamke mwenye nguvu kwa saa chache tu. Cha pili ni kifafa cha uzazi, kitokanacho na shinikizo la damu. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, na uso na mikono kuvimba. Cha tatu ni uchafu uingiao katika kizazi na kuleta homa. Cha nne ni uchungu uliokwama, mtoto asipoweza kupita. Cha tano ni mimba zitolewazo kwa siri na watu wasio na ujuzi.

Ujuzi wa kuzuia si mgeni. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, daktari Semmelweis aliwaagiza wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini, na homa ya uzazi ikapungua sana. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na Tanzania. Damu ya mzazi ilipimwa kwa mfuko maalumu, isikisiwe kwa macho, na tiba zote zikatolewa pamoja bila kungoja. Hatari ya kuvuja damu vibaya ikapungua kwa sehemu 60 katika 100.

Mtu atauliza, Mbona basi hufa hata watu wa Tandale na Mbagala, wasioishi mbali na hospitali? Jibu ni kuchelewa, nako ni kwa namna tatu. Kwanza ni kuchelewa nyumbani, mke akingoja ruhusa ya mume, au jamaa wakisema, "Tusubiri kuche." Pili ni kuchelewa njiani, kwa kukosa nauli, au kwa mvua iliyojaza mabonde na vichochoro. Tatu ni kuchelewa hospitalini penyewe. Kwa miaka mingi wazazi wa mji huu walisongamana katika hospitali za Amana, Mwananyamala na Temeke. Na mkunga mmoja hawezi kuwatazama wengi kwa wakati mmoja. Kuchelewa huku kwa tatu ni deni la wenye mamlaka, watie wakunga, dawa na damu ya kutosha. Kuchelewa kwa kwanza ni deni letu.

Kwa hiyo nawasihi wanaume hasa. Mkeo akishika mimba, aende kliniki mapema, nawe ufuatane naye. Weka akiba ya nauli kabla ya mwezi wa tisa. Mpe ruhusa leo, mbele ya mama yako na majirani, ili siku ya hatari mtu yeyote ampeleke ijapokuwa wewe hupo. Uijue namba 115, ipigwayo bila malipo kuomba usafiri wa dharura wa wazazi. Tena ukatoe damu ungali mzima, maana damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa mtu ikampa uhai mtu.

Ndugu zangu, tumezoea kuchanga upesi kwa ajili ya mazishi. Tuchange upesi vivyo hivyo kwa ajili ya mzazi aliye hai.