Mpiga Piano wa Karamu za Kodi

Leo tuko Chicago, Marekani, upande wa kusini wa jiji, katika siku za mwisho wa kiangazi cha mwaka 1932. Mwanamume wa miaka 33 amekaa mbele ya piano. Siku chache zilizopita amemzika mkewe na mtoto wao mchanga katika jeneza moja. Jina lake ni Thomas Dorsey.

Kabla hajabonyeza piano hiyo, tumjue kwanza. Dorsey alizaliwa mwaka 1899 katika mji mdogo wa Villa Rica, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa mhubiri, mama yake mpiga kinanda kanisani. Familia ilipohamia Atlanta, kijana akapata kibarua cha kuuza vinywaji katika ukumbi wa maonyesho, na huko akawa anawatazama wapiga piano vidole vyao hadi akavijua. Baadaye akaelekea Chicago, kama walivyofanya maelfu ya Wamarekani weusi waliokimbia ubaguzi na umaskini wa Kusini.

Katika mitaa ya weusi mijini siku zile kulikuwa na karamu za kodi. Mwisho wa mwezi unakaribia, mpangaji hana pesa ya mwenye nyumba. Basi anapika, anawaita majirani, anatoza kiingilio, na mpiga piano anakesha. Dorsey alitafutwa sana kwa karamu za namna hii kwa sababu alijua kupiga taratibu, watu wakacheza bila kelele za kuwaleta polisi mlangoni. Mwaka 1924 aliongoza bendi ya Ma Rainey, malkia wa muziki wa bluzi. Mwaka 1928, akiwa na mpiga gitaa Tampa Red, alitoa rekodi yenye maneno ya chumbani, na rekodi hiyo ikauzwa nchi nzima.

Wengi husimulia kwamba mwenye dhambi huyu aliitupa bluzi akaokoka. Mimi siafiki. Bluzi hakuitupa. Aliibeba mpaka madhabahuni. Ile sauti inayopinda katikati ya noti kama mtu anayeguna, ule mdundo unaoinua miguu, vyote alivitia katika nyimbo za kumwomba Mungu, na ndivyo ulivyokua muziki tunaouita injili.

Makanisa makubwa ya weusi mjini Chicago hayakumpokea. Waumini wao walikuwa wamejitahidi waonekane watu wa heshima, na kwaya zao ziliimba Bach na Mozart. Sauti ya vilabu ndani ya nyumba ya Bwana kwao ilikuwa najisi. Dorsey mwenyewe alisimulia kwamba alitolewa nje katika baadhi ya makanisa hayo. Ubishi huu tunaujua hata kwetu: kila gitaa jipya linapoingia kanisani, wapo wazee wanaotikisa kichwa. Ila mwaka 1932 kanisa la Pilgrim Baptist lilimpa kwaya aiongoze. Jengo la kanisa hilo lilikamilika mwaka 1891 likiwa sinagogi. Wayahudi waliohama mtaa waliacha kuta zilizokwisha kuzoea maombi, na weusi kutoka Kusini wakaingia na yao.

Agosti ya mwaka huo wa 1932 Dorsey alisafiri hadi St. Louis kuimba katika mkutano wa uamsho, akamwacha nyumbani mkewe Nettie, mjamzito aliyekaribia kujifungua. Akiwa mkutanoni akaletewa simu ya maandishi: mke wako amefariki. Alirudi akamkuta mtoto yu hai, na muda mfupi baadaye mtoto naye akafa. Dorsey alimlalamikia Mungu. Alifikiria kuachana na injili arudie bluzi, maana alihisi ametumikia bure.

Na sasa tumrudie pale kwenye piano. Vidole vyake vilipata sauti ya wimbo wa kale wa kanisani, akaipunguza mwendo, akaipinda kwa namna ya bluzi, akaweka maneno ya mtu aliyechoka anayemwomba Bwana amshike mkono. Ndio wimbo unaoitwa Take My Hand, Precious Lord. Ninaposikia wimbo huu nasikia chumba kimoja na mgane mmoja. Nasikia pia zile karamu za kodi, kwa sababu ule upole wa vidole alijifunza huko, si kwenye chuo cha dini.

Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, mjini Memphis, mpigania haki za weusi Martin Luther King alisimama kwenye roshani ya moteli ya Lorraine akamwomba mwanamuziki Ben Branch aupige wimbo huo katika mkutano wa usiku ule, na aupige vizuri. Punde King alipigwa risasi. Katika mazishi yake mwimbaji wa injili Mahalia Jackson ndiye aliyeuimba. Mahalia alipofariki Januari 1972, mwimbaji Aretha Franklin aliuimba kumsindikiza.

Mwezi huohuo wa Januari, kabla ya msiba, Aretha alikuwa amerekodi albamu kwa siku mbili katika kanisa la New Temple, Los Angeles. Kanisa hilo zamani lilikuwa jumba la sinema. Kwaya iliongozwa na James Cleveland, ambaye utotoni aliimba Pilgrim Baptist chini ya Dorsey. Humo Aretha aliuunganisha wimbo wa Dorsey na wimbo wa Carole King kuhusu urafiki, uliokuwa ukipigwa redioni kila siku. Albamu hiyo, Amazing Grace, imeuzwa zaidi ya nakala milioni 2.

Dorsey alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 93. Jengo la Pilgrim Baptist liliungua Januari 2006 zikabaki kuta. Rekodi ya Aretha ipo. Msikilizaji wangu, itafute usiku huu. Sikiliza pale nyimbo mbili zinapokutana, kisha uniambie kama umesikia mahali ule wa kanisani unapoishia na ule wa redioni unapoanzia.