Figo za Wazee Wetu na Hatari ya Potasiamu
(Maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa wa Buyenzi, Bujumbura)





Nimeombwa niseme machache juu ya afya ya wazee wetu, nami nimechagua jambo liuwalo kimya kimya: kuzidi kwa potasiamu katika damu ya mtu ambaye figo zake zimechoka.

Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Figo mbili kwa pamoja huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Kisaliacho hutoka kuwa mkojo. Umri upitapo miaka 40 nguvu hiyo huanza kupungua kidogo kidogo, na kisukari na shinikizo la damu huharakisha upungufu. Mwenyewe hahisi lolote.

Potasiamu si sumu. Ni madini yaliyomo katika vyakula vyetu, na pasipo hayo moyo haupigi sawasawa. Lakini kiasi chake katika damu kina mpaka: kwa desturi ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ziada yake hutolewa zaidi na figo. Zikidhoofu, ziada hubaki. Nayo ikifika 6.5 moyo waweza kusimama ghafla. Wengine hulegea viungo au moyo huwaenda mbio na kuruka. Wengi hawaoni dalili yoyote.

Natuchukue mfano wa mzee wa miaka 75. Kwa shinikizo la damu amepewa enalaprili, dawa njema, ila hupunguza potasiamu itokayo kwa njia ya figo. Magoti yamwuma, jirani ampa ibuprofeni, nayo hupunguza damu iendayo kwenye figo. Ameambiwa apunguze chumvi, basi mwanawe amnunulia chumvi ya badala, ambayo nyingi ya aina hiyo hutengenezwa kwa potasiamu. Ramadhani imeingia, ashinda bila maji, na jioni afuturu kwa tende, ndizi, maharagwe na lengalenga. Kila kimoja kililetwa kwa mapenzi. Vikikutana vyote katika mwili mmoja, vyaweza kumwua.

Basi yatupasa nini?

Kwanza, mzee apimwe damu, kreatinini na potasiamu. Mzee aliyekonda aweza kuonyesha kreatinini njema hali figo zake ni dhaifu. Kwa hiyo daktari hukadiria nguvu ya figo akizingatia umri.

Pili, daktari aonyeshwe dawa zote, na za miti shamba pia. Wala mtu asiache dawa ya shinikizo kwa woga. Hilo ni la daktari kuamua.

Tatu, chumvi ya badala isiingie jikoni mwa mgonjwa wa figo bila ruhusa.

Nne, chakula. Ndizi na mboga ni kheri kwa mwenye figo nzima. Aliyeambiwa apunguze, amenyewe ndizi au viazi, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe.

Tano, saumu. Katika Suratul Baqara mgonjwa amepewa udhuru, na kuupokea si udhaifu wa imani. Mzee aulize daktari na shekhe wake kabla ya mwezi kuandama.

Na vipimo vikionyesha hatari, apelekwe hospitali siku ile ile. Huko ziko dawa za kuulinda moyo na za kuishusha potasiamu.

Wazee hawa walitubeba kabla hatujajua kusimama. Nawaomba, vijana, mkirudi nyumbani usiku huu, kusanyeni dawa zote za wazazi wenu katika kikapu kimoja, na kesho mkipeleke kwa daktari.