Elimu ya Nje ya Darasa: Hotuba ya Mahafali

Shahada huthibitisha kwamba mtu amefuzu masomo yake. Haithibitishi kwamba anaweza kuaminiwa fedha za wenzake, kuongoza mkutano wenye mvutano, au kuishi vyema na jirani asiyefanana naye. Mambo haya nayo hufunzwa chuoni, ila nje ya ukumbi wa mihadhara, na hayana mtihani wala mhadhiri wa kumsukuma mtu. Siku ya mahafali ni siku ya kuyapima.

Ruiru, Juja na Thika, katika Kaunti ya Kiambu, zinafaa sana kwa elimu hiyo. Vyuo vimepangana huko kama vituo vya matatu. Ruiru kuna Zetech, kilichopata idhini kamili ya chuo kikuu mwaka 2022. Juja kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1981. Thika kuna Gretsa, pamoja na Mount Kenya kilichopata idhini yake mwaka 2011. Barabara kuu ya Thika, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012, imevisogeza vyuo hivi karibu na Nairobi, na wanafunzi karibu na wenzao.

Mlango wa kwanza wa elimu hii ni vyama vya wanafunzi: vya kidini, vya taaluma, vya mazingira, vya midahalo. Mweka hazina wa chama kidogo hujifunza kutoa hesabu mbele ya watu wanaomjua. Katibu hujifunza kuandika kumbukumbu ambazo hakuna atakayezipinga. Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili Vyuo Vikuu Afrika Mashariki, CHAWAKAMA, huwakutanisha vijana wa nchi mbalimbali za kanda hii katika makongamano; anayeyahudhuria hupata marafiki ng'ambo ya mpaka kabla hata ya kupata kazi.

Mlango wa pili ni uongozi. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yalileta utaratibu wa wanafunzi kuchagua wajumbe, kisha wajumbe kuchagua viongozi wa baraza la wanafunzi. Anayegombea hulazimika kushawishi kwa hoja, na anayeshindwa hujifunza kumpongeza mshindi na kurudi kazini. Nchi yenye uchaguzi kila baada ya miaka mitano inawahitaji sana watu waliofundwa hivyo.

Michezo na sanaa ni mlango wa tatu. Timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Zetech imeshiriki ligi kuu ya Kenya, na kumenyana na klabu za mashirika makubwa. Mchezaji wa namna hiyo huamka alfajiri kwa mazoezi na bado huwasilisha kazi zake kwa wakati. Asiyeingia kikosini hufaidika pia, kwa kuwa mazoezi hulinda afya ya mwili na kupunguza msongo wa mawazo.

Mtaa nao ni shule. Wanafunzi wengi hawaishi mabwenini. Hupanga vyumba katika ploti, wakahesabu kodi, maji, stima na chakula kutoka katika mkopo au fedha za wazazi zisizotosha. Wanaoishi pamoja hujifunza kugawana gharama na kusuluhisha ugomvi. Nje ya lango kuna uchumi halisi: mashamba ya mananasi ya Del Monte karibu na Thika, kiwanda cha mafuta cha Bidco mjini humo, na cha maziwa cha Brookside huko Ruiru. Mwanafunzi anayewauliza wafanyakazi na wachuuzi maswali kwa heshima hupata maarifa ambayo kitabu kimeyafupisha mno. Anayejitolea kuwafundisha watoto hesabu au kuzoa taka kando ya mto Chania hugundua kwamba taaluma yake ina watu wanaoisubiri.

Hata hivyo, mshika mbili moja humponyoka. Aliyejiunga na vyama saba hakukitumikia hata kimoja, na aliyeacha mihadhara kwa ajili ya siasa alipoteza vyote viwili. Kilichofaa ni kuchagua shughuli moja au mbili, kudumu nazo, na kukubali wajibu ndani yake.

Mhitimu aliyefanya hivyo anaondoka na ushahidi wa tabia yake: watu walio tayari kusema kwamba ni mwaminifu. Aliyekosa nafasi hiyo, pengine kwa kuwa alifanya vibarua ili alipe karo, hakuachwa nyuma. Kibarua kilimfunza kutunza muda na kustahimili, na vyama vya wahitimu, ushirika na kamati za mtaa bado vinahitaji watumishi. Basi kila mhitimu na achague mahali pamoja pa kutumikia mwaka huu, na amshike mkono mwanafunzi mmoja anayeanza safari aliyoimaliza yeye.