Krediti Zinazohama na Zinazobaki Njiani

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya watu wazima wanaotaka kumalizia shahada ya kwanza, Columbus, Ohio



Nilipoombwa kuzungumzia namna ya kumaliza digrii mtandaoni kwa haraka, mwenzangu mmoja alinishauri nianze na mitihani: upi mwepesi, upi mgumu, upi unasomwa wiki mbili. Nimemkatalia. Nitaanza na karatasi moja.

Niliipata kwa barua pepe miaka kadhaa iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa kwenye chumba cha mapumziko cha nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya kazi. Ilikuwa tathmini ya krediti zangu kutoka chuo nilichokuwa nimejiunga nacho. Safu ya kushoto ilitaja masomo niliyoyaleta, ya kati idadi ya krediti, ya kulia mahali zilikowekwa. Juu kabisa iliandikwa kwamba krediti 72 zimekubaliwa. Nilimpigia mke wangu nikamwamsha. Jioni, nilipoisoma kwa utulivu, ndipo nikaona neno lililokuwa likijirudia kwenye safu ya kulia: hiari, hiari, hiari. Shahada niliyoichagua ilikuwa na nafasi ya krediti 21 za masomo ya hiari, nami nilikuwa nimepeleka 45. Zile 24 zilizozidi zilikubaliwa kweli, zikaingia kwenye rekodi, na hazikunipunguzia hata siku moja darasani. Mwaka mzima wa kusoma baada ya zamu ulikuwa umekaa kwenye safu isiyo na kazi.

Chuo hakikunidanganya. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilo sahihi. Niliuliza, "Mnapokea krediti hizi?" Nilipaswa kuuliza, "Zitaingia wapi?"

Tuseme basi krediti ni kitu gani. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, na somo la kawaida la muhula lina krediti 3. Wengi hudhani kipimo hiki kilibuniwa na wataalamu wa kufundisha. La hasha. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 kwa ajili ya pensheni za maprofesa, na taasisi iliyosimamia fedha hizo ikaweka masharti kwa vyuo vilivyotaka kuingia kwenye mpango. Sharti mojawapo lilikuwa kuwapima wanafunzi wa sekondari wanaoingia chuoni kwa uniti za muda wa masomo. Vyuo vikazoea kuhesabu saa, na hesabu ya saa ikazaa krediti tunazozijua. Wazee waliokwisha kufuatilia mafao yao kule nyumbani hawatashangaa kusikia kwamba pensheni inaweza kuisumbua dunia kwa zaidi ya miaka 100.

Lakini kipimo cha saa kina mlango wa nyuma. Kama krediti ni kipimo tu, anayeonyesha kwamba analijua somo anaweza kuhesabiwa hata kama hakukaa darasani. Mlango huo ulifunguliwa na askari. Baada ya Vita Kuu ya Pili maelfu walirudi wakiwa na mafunzo ya umeme, ufundi na utawala, na baraza la elimu liitwalo American Council on Education, kwa kifupi ACE, likaanza kuyapima mafunzo hayo na kupendekeza yalingane na krediti ngapi. Mwaka 1967 College Board ikaanzisha mitihani ya CLEP kwa raia wa kawaida. Kisha vikaja vyuo vitatu vilivyoanzishwa mahsusi kwa watu wazima wenye krediti zilizotawanyika: mwaka 1971 mpango wa New York ambao leo ni Excelsior, 1972 Thomas Edison huko New Jersey, na 1973 Charter Oak huko Connecticut. Siku hizi zimeongezeka kampuni zinazouza masomo ya mtandaoni kwa malipo ya mwezi, kama Sophia na Study.com, nazo si vyuo. Masomo yao mengi yamepimwa na ACE, na hapo ndipo penye nguvu yao yote.

Naomba hapa nisikilizwe vizuri, maana ndipo watu wetu wanapoanguka. ACE hupendekeza tu. ACE ni mshenga. Mwenye kuoza ni chuo. Mshenga anaweza kusifu kutwa kucha, baba akikataa, hakuna ndoa. Tena baba wa nyumba hii akikubali, wa nyumba ya pili anaweza kukataa mahari yaleyale. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama chuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Hao walikuwa wanahama kutoka chuo hadi chuo. Anayeleta krediti kutoka kampuni isiyo chuo ana sababu zaidi ya kuuliza kwanza.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza unaanzia mwisho. Chagua shahada, chagua chuo, upate kipeperushi chenye kisanduku kwa kila somo linalotakiwa, ndipo urudi nyuma kutafuta ni krediti ipi ya nje inayojaza kisanduku kipi. Na jibu la mshauri wa masomo liwe la maandishi. Jibu la simu halina mwenyewe. Mshauri huyo mwezi ujao anaweza kuwa amehamia kazi nyingine.

Tuchukue shahada ya utawala wa biashara. Vyuo vingi vya mtandaoni hupokea hadi krediti 90 kutoka nje na kudai 30 zilizobaki zisomwe kwao. Masomo ya msingi ndiyo mepesi kuhamisha. CLEP ya College Composition hupendekezewa krediti 6, Biology 6, College Algebra 3, saikolojia ya utangulizi 3, sosholojia ya utangulizi 3. Hiyo ni mitihani mitano kwa krediti 21, na mingi huchukua dakika 90. Alama huanzia 20 hadi 80, na ACE hupendekeza 50 kuwa ya kufaulu. Ukifeli, unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia mtihani uleule. Mtihani mmoja hugharimu takriban dola 100 ukiacha ada ya kituo, lakini asasi ya Modern States hukupa vocha ya kulipia ukimaliza kozi yao ya bure. Mtu aliyezoea kubeba boksi kwa saa kumi anajua dola 100 ni jasho la muda gani, kwa hiyo vocha hiyo msiidharau.

Mitego iko miwili. Wa kwanza ni kurudia. Ukifaulu saikolojia ya CLEP kisha ukasoma saikolojia ya Sophia, chuo kitahesabu moja, hata kama vyeti ni viwili na majina hayafanani sana. Wa pili ni ngazi. Chuo hudai sehemu ya shahada iwe masomo ya mwaka wa tatu na wa nne, yale yenye namba zinazoanzia 300 au 400, na krediti mbadala nyingi ni za miaka ya mwanzo. Mitihani ya DSST, inayofanana na ile ya CLEP, ina michache ya ngazi ya juu. Ndiyo maana mtu anafika krediti 85 kwa miezi minane, halafu zile 35 za mwisho zinamchukua miaka miwili. Hapo vyuo vyenye ada moja kwa muhula husaidia. Western Governors, kilichoasisiwa mwaka 1997 na magavana wa majimbo ya magharibi, hutoza ada ya miezi sita bila kujali umemaliza masomo mangapi, na University of Maine at Presque Isle ina mfumo kama huo wa vipindi vya wiki nane. Mwenye kuweza kutenga saa kumi na tano kwa wiki atafaidi. Mwenye watoto watatu na kazi mbili asome kasi yake mwenyewe, asitazame ya jirani.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa kozi hawalitaji, kwa sababu hawatujui. Kiswahili chenu ni krediti. CLEP ina Kihispania, Kifaransa na Kijerumani tu, lakini New York University imekuwa ikitoa mitihani ya umahiri wa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, ya kiwango cha pointi 12 na cha pointi 16. Hizo zinaweza kuwa sawa na masomo manne au zaidi, kwa lugha uliyofundishwa na bibi yako bure. Vipo vyuo visivyompa krediti mzawa wa lugha, na vipo vinavyotia yote kwenye hiari, kwa hiyo swali ni lilelile: zitaingia wapi? Vivyo hivyo kwa aliyemaliza kidato cha sita. Taasisi kama WES hutathmini matokeo ya nje, na vyuo kadhaa hutoa krediti kwa masomo ya ngazi hiyo. Nimewaona watu wakilipia algebra upya ilhali cheti chao kimelala sandukuni Morogoro.

Kuhusu malipo, ruzuku ya serikali ya shirikisho iitwayo Pell Grant hailipii Sophia wala mtihani wa CLEP. Hulipia chuo chenye ithibati ulichosajiliwa. Wenye viza ya F-1 nao wawe waangalifu, kwani katika masomo yanayohesabiwa kuwa ya muhula kamili, la mtandaoni linaruhusiwa moja tu, krediti 3. Njia hii ya mtandaoni ni ya wenye ukaazi, wakimbizi waliopokewa, raia.

Kuhusu ithibati, kagueni jina la chuo kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au ya baraza la ithibati liitwalo CHEA, msikague kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Mei 2015 gazeti la New York Times liliifichua kampuni ya Axact ya Karachi iliyokuwa ikiuza digrii za vyuo visivyokuwapo, vyenye tovuti nzuri kabisa na maprofesa wanaotabasamu. Anayekuahidi shahada kwa "uzoefu wako wa maisha" bila mtihani wala somo hata moja, huyo anauza karatasi.

Na mniruhusu niwavunje moyo kidogo baadhi yenu. Anayetaka shahada ili apandishwe cheo kazini, njia hii inatosha. Anayetaka leseni ya uuguzi au ualimu, mazoezi ya wodini na darasani hayana mtihani wa dakika 90. Anayepanga kurudi nyumbani aiandikie tume ya vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, kabla ya kulipa, aulize shahada ya chuo hicho inatambuliwa vipi, na aeleze wazi kwamba ni ya mtandaoni. Kuuliza ukiwa umeshapata cheti ni kupiga hodi nyumba iliyokwisha uzwa.

Nimeleta nakala za ile karatasi yangu ya krediti 72, nimefuta tu jina la chuo. Kila meza ina moja, pamoja na kalamu nyekundu. Chini yake kuna kipeperushi cha shahada ya biashara chenye krediti 120. Chukueni dakika ishirini muoanishe safu kwa safu, mkate kila krediti isiyo na kisanduku. Dada wa meza ya nyuma uliyeniambia una 60 tayari, toa na yako uiweke kando ya yangu. Tutaanza na wewe.