MBWA NA PAKA WETU: MARADHI NA DAWA ZAO
(Maneno ya Kamati ya Mifugo kwenye mkutano wa wanachama, Mwera)



Tukitaja mifugo tunataja ng'ombe, mbuzi na kuku. Je, nani anafukuza nguruwe na ngedere kwenye mihogo yetu? Mbwa. Nani anazuia panya wasile mahindi? Paka. Basi na hawa tuwaangalie.

Kwanza, minyoo. Mtoto wa mbwa tumbo limevimba, mwili umekonda, manyoya hayana nuru: huyo ana minyoo. Dawa ni kama piperazini au fenbendazoli, kwa kipimo cha uzito wake. Mayai ya minyoo hukaa mchangani, na watoto wetu wanachezea mchanga huohuo.

Pili, ukurutu, kupe na viroboto. Dawa zipo, lakini bwana mifugo ndiye apime. Tusichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe tukammwagia paka, atajilamba afe. Wala paka hapewi Panadol, hata kipande. Inamuua.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kichaa cha mbwa. Dalili zikishatoka, kama vile kubadilika tabia, kudondosha mate, kulegea taya na kuuma ovyo, mbwa haponi. Na mtu vilevile. Kinga yake ni chanjo, kila mwaka.

Sasa tuambiane ukweli. Mbwa akiuma mtoto, mwenyewe humuua usiku akamfukia, anaogopa kudaiwa. Mzazi naye hupaka pilipili kwenye kidonda, kikifunga anasema kimepona. Miezi miwili mitatu ikipita, mtoto anaogopa maji. Hapo hata hospitali haina la kufanya.

Kwa hiyo mtu akiumwa:
1. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15.
2. Aende hospitali siku ileile akachomwe sindano, na azimalize zote.
3. Mbwa, kama anafungika bila kuuma mwingine, afungwe siku 10 atazamwe. Lakini sindano zisimngoje mbwa.

Msiseme haiwezekani. Wenzetu wa Pemba, hapo ng'ambo, waliukomesha ugonjwa huu mwaka 2014. Ukarudi 2016, wakachanja tena, ukakoma 2018. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia. Kuwaua ovyo hakusaidii, maana wengine huzaliwa upesi nao hawana chanjo.

Tunaomba mambo mawili. Kila mwenye mbwa aandikishe idadi kwa katibu, bwana mifugo ajue alete chanjo kiasi gani. Na mwenye mbwa atakayetoa taarifa mapema, tusimtoze faini. Faini ikimfanya mtu anyamaze, atakayeilipa ni mtoto.



Kamati ya Mifugo