Maji Kabla ya Mafuta: Kusafisha Bunduki ya Zamani ya Askari



Wakaao Milepa, bondeni chini ya ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa, hawana haja ya kufundishwa habari za chumvi. Ziwa Rukwa halina mto utokao ndani yake. Maji huingia, jua huyakausha, na magadi hubaki. Jembe lililolowa maji hayo likaachwa bila kufutwa hushika kutu upesi. Jioni hii twataka kusema juu ya chumvi nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo hukaa ndani ya mtutu wa bunduki.

Bunduki tunayoinena ni Lee-Enfield, ile yenye tundu la .303, yaani milimita 7.7 hivi, waliyoichukua askari wa King's African Rifles katika vita vya 1939 hadi 1945. Ilitengenezwa imara sana, na vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa wawindaji wa nchi mbalimbali. Twasema na mtu anayeishika kwa kibali. Kwa Tanzania, sheria ya mwaka 2015 yataka kila bunduki iwe na kibali chake. Aliyeikuta ya babu darini na hana karatasi yake, safari yake ya kwanza si dukani kununua mafuta, bali ni kituo cha polisi.

Basi chumvi hii yatoka wapi? Nyuma ya ganda la risasi pana kikombe kidogo cha fataki, nacho ndicho kinachowasha baruti. Katika risasi nyingi za zamani za kijeshi fataki ilikuwa na klorati ya potasi. Ikiungua, hugeuka kuwa chumvi ya jamii moja na ile tuliayo katika mboga, ikaenea mtuttuni mote kama vumbi jembamba. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huleta kutu. Mwenye bunduki, kwa bidii yake, hupaka mafuta, akaona kazi imekwisha. Lakini mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, na kutu hula chuma chini ya mafuta yale yale. Wanafunzi waweza kujaribu wenyewe: tieni punje za chumvi katika kijiko cha mafuta, na punje nyingine katika kijiko cha maji ya moto, kisha tazameni zipi zitakazosalia.

Jinsi chumvi inavyoharibu silaha, jeshi zima lilipata kuijua katika pwani yetu. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya kuwa ya Denmark, iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku ikifuatwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Ilipigwa mizinga ikakwama katika maji machache. Wajerumani waliopoa bunduki 1,800 hivi na risasi kwa mamilioni, ila risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ikawa kazi ya miezi kuzifungua, kuzisafisha na kuikausha baruti, kwani bunduki mpya isiyo na risasi njema ni rungu tu. Jeshi hilo liliweka silaha chini 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia, jirani kabisa na Ufipa.

Sasa tuingie kazini. Kwanza risasi zote zitolewe na kupelekwa chumba kingine, na watoto watoke. Lile chuma lenye mkono, lisukumwalo mbele na nyuma, tuliite komeo. Lifungue, tazama kwa macho, kisha tia kidole mahali pa risasi uhakikishe hapana kitu. Maneno ya mtu kwamba ni tupu hayatoshi, hata akiwa ni ndugu yako. Ndipo ulitoe komeo. Lilipimwa kwa bunduki yake, basi usilibadilishe na la bunduki nyingine.

Tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma, ukielekea mwanga. Bunduki iliyosimamishwa pembeni mwa nyumba hupendwa na nyigu, nao hujenga udongo humo. Mtutu ulioziba ukipigwa huweza kupasuka usoni pa mpigaji. Kama pana kitu kisichotoka, hata kitambaa kilichokatika na kamba yake, ipeleke kwa fundi wa silaha. Wako wanaodhani risasi itakisukuma nje. Hao hatuwezi kuwasaidia kwa hotuba.

Chemsha maji lita 2 au 3, maji ya mvua au ya kijito cha mlimani. Ya ziwani hayafai, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja. Elekeza mdomo wa mtutu chini, uyamimine kwa faneli kutoka nyuma, ukiangalia yasiingie chini ya mti. Maji ya moto huyeyusha chumvi, tena hupasha chuma joto hata kikakauka chenyewe. Kisha vuta kitambaa kikavu. Askari walikuwa na kamba yenye uzito wa shaba, pamoja na chupa ndogo ya mafuta, vyote vimewekwa katika tundu la kitako. Kamba ivutwe sawa katikati, maana ikisugua upande mmoja wa mdomo huuchimba, na bunduki hupoteza shabaha.

Mchanga na majivu viachieni sufuria. Ndani ya mtutu mna mifuo iliyojipinda, nayo ndiyo inayoizungusha risasi. Ikisuguliwa hafifu haina dawa. Mafuta ya alizeti au karanga nayo yasitumike, kwani yakikaa huganda kama ulimbo. Tumia mafuta mepesi ya mashine, kidogo tu, na siku ya kupiga yafutwe kwanza.

Asubuhi ya pili vuta kitambaa cheupe tena. Kikitoka na wekundu, rudia maji ya moto. Fanya hivyo asubuhi tatu. Kikitoka safi siku ya tatu, paka mafuta, uifungie bunduki mahali pake, na risasi mahali pengine.